Kicheko cha Mjomba

Mjomba alipofariki, ndugu walikaa siku ya kuondoa matanga wakagawana vitu vyake. Baiskeli ilienda kwa mtoto wake mkubwa, ng'ombe wawili na majembe vikapata wenyewe bila ugomvi, koti la suti likaleta maneno kidogo. Kanda hakuna aliyezitaka. Nyingine zilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, nyingine kwenye kiroba kilichoning'inizwa darini ili panya wasifike, na panya walifika. Mama akasema, "Apewe huyu wa redio." Mimi si wa redio, naandika magazetini, lakini kwetu Sengerema mtu wa habari ni mtu wa redio, basi. Nikazibeba mpaka Mwanza. Nilipozihesabu zilikuwa 118.

Kuhamisha kanda kwenda kwenye kompyuta ni kazi isiyo na njia ya mkato. Kanda ya dakika 60 inakula dakika 60. Kwanza unafuta kuvu, ule unga mweupe unaoota kwenye utepe kwa sababu ya unyevu wa ziwa. Halafu unaizungusha kwa penseli mpaka mwisho na kurudi, taratibu, ili utepe uachane. Uliokatika unaunga. Ndipo unabonyeza, unakaa. Saa moja ya sauti isiyobanwa inachukua kama MB 600, kwa hiyo sanduku zima la Mjomba pamoja na kiroba chake vitaingia kwenye fleshi ndogo kuliko kidole gumba. Nilipanga kufanya kanda mbili kila usiku watoto wakishalala. Mke wangu alivumilia wiki mbili, kisha akaninunulia spika za masikioni.

Mjomba hakuwa mwanamuziki. Alilima pamba, na msimu mmoja pamba ilipolipa alinunua redio ya kaseti inayorekodi. Tangu hapo, mavuno yakiisha, kuanzia Juni mpaka Agosti hivi, alikuwa haonekani nyumbani. Alifuata ngoma.

Kwa msomaji asiyetoka huku niseme kidogo. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, na kila kimoja kinajihesabia asili yake kwa mtu wa karne ya 19: Bagika kwa Ngika, Bagalu kwa Gumha. Vikundi vya pande hizi mbili hukutana kwenye uwanja mmoja, kila kimoja kinapiga na kucheza upande wake kwa wakati uleule, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Watu wenyewe ndio kura. Ukihama kutoka duara hili kwenda lile umepiga kura. Ndiyo maana manju, ambaye kwa Kisukuma tunamwita ningi, anatafuta kila njia ya kukushika: dawa ya mvuto, mavazi, hata chatu shingoni, na zaidi ya yote maneno. Anamtania manju wa upande wa pili, anatania ukoo wake, ng'ombe wake waliokonda, kijiji chake. Gregory Barz na Frank Gunderson walipohariri kitabu chao kuhusu muziki wa kushindana Afrika Mashariki, mwaka 2000, waliliacha jina kwa Kiswahili, *Mashindano!*, na alama ya mshangao juu. Nadhani walifanya vizuri.

Sasa mtu anayerekodi kwa redio ya mkononi kwenye uwanja kama huo anasimama wapi? Anasimama kwenye watu. Kwa hiyo kwenye kanda za Mjomba manju yuko mbali na watu wako karibu. Unamsikia mama akimuuliza mwenzake kama chumvi ilibaki. Unasikia mtu akikohoa kikohozi cha sigara kali, mtoto anayetaka kubebwa, filimbi, vumbi la miguu (naapa vumbi lina sauti). Ngoma inapanda, na watu wanapoanza kuhamia duara la pili unasikia mguno wao ukisogea kutoka sikio moja kwenda lingine, ingawa redio ile ilikuwa na maiki moja tu na mguno hauwezi kusogea hivyo. Labda ni mimi ninayeusogeza. Kuna kanda moja haina ngoma kabisa: ni foleni ya kivuko pale Busisi, wanawake wamechoka kungoja wakaanza kuimba, na katikati ya ubeti honi inalia, wimbo unakufa hapohapo, wanakimbilia mizigo. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko zote.

Kuzipanga ndiko kulikonitesa. Mjomba hakuandika jina la manju hata mmoja. Aliandika mwaka, mara nyingine, na juu ya mwaka aliandika alichokikumbuka yeye: "Siku ya mvua". "Yule wa filimbi". "Tulilala njaa". Nilianza kwa kuziweka kwa tarehe, nikaona napoteza zisizo na tarehe. Nikajaribu kwa vijiji, nikakuta vijiji vyenyewe vimebadilika mipaka, vingine siku hizi viko Buchosa. Mwisho nikazipa namba tu, kwa jinsi zilivyotoka sandukuni, na pembeni nikanakili maneno yake kama yalivyo.

Wakati napanga niliwaza sana kuhusu waliotutangulia. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alipita Tanganyika na mashine zake akirekodi. Maktaba aliyoianzisha mwaka 1954 bado ipo, Chuo Kikuu cha Rhodes, na kazi yake ni safi, unasikia kila uzi wa zeze. Lakini nyimbo zile zilikusudiwa kwa santuri, na upande mmoja wa santuri wakati ule ulibeba dakika tatu hivi. Wimbo unaanza, unaisha, umati hakuna. Radio Tanzania Dar es Salaam nayo, iliyotuhifadhia hazina kubwa ya muziki wa dansi, iliwaingiza wanamuziki studio, na mashairi yalipitiwa kabla ya kurekodiwa. Sisemi kwa kulaumu. Bila wao tungekuwa na nini? Nasema tu kwamba kwenye kanda za Mjomba hakuna mtu aliyepitia chochote. Nilijivunia hilo. Kabla sijafika namba 41 nilikuwa nimeshaandika kichwani makala nzima ya kusifu uhuru wa kanda isiyopitiwa.

Namba 41 imeandikwa mwaka 1988 na maneno mawili: "Tulicheka sana".

Upande A. Ngoma imeshakolea, manju ni hodari kweli kweli, sauti kavu inayokata kelele bila kupaza. Anaanza kwa mambo ya kawaida, ng'ombe, mlo, manju wa upande wa pili ambaye eti akiimba kunguru wanahama. Watu wanacheka. Halafu anageukia nyumba moja ya kijiji cha huyo mpinzani wake. Anaieleza nyumba yenyewe, mti ulio mbele yake, mjane anayekaa humo. Anaeleza macho ya yule mama, mekundu. Anauliza usiku huwa anakwenda wapi. Jina hajalitaja. Anawazungusha watu, anawapa nusu yake, anairudisha. Kisha ngoma zote zinanyamaza kwa pamoja na jina linaanguka kwenye ule ukimya.

Uwanja unalipuka. Na karibu kabisa na maiki kuna kicheko ninachokijua tangu utotoni, kinaanza chini kama mtu anayepanda ngazi, kikifika juu kinageuka kikohozi. Mjomba.

Niseme ukweli wote. Na mimi nilicheka. Saa tano usiku, peke yangu, nikiwa na spika masikioni, nilicheka kwa sababu ile pause ya ngoma ilikuwa kamili, na kwa sababu Mjomba alikuwa akicheka na sikuwa nimemsikia akicheka tangu afe. Kisukuma changu ni cha kuunga, kwa hiyo maana ilinifikia baada ya kicheko. Nikarudisha nyuma. Nikaelewa. Nikazima.

Anayetoka Kanda ya Ziwa hahitaji kuelezwa macho mekundu ni nini. Ni moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe, miaka arobaini ya kupika ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Na ni macho yaliyowaponza wanawake wazee wengi Usukumani, wakakatwa mapanga usiku kwa kudhaniwa wachawi. Magazeti niliyoyafanyia kazi yameziandika habari hizo, mimi mwenyewe nimeziandika. Najua huwa zinaanzaje. Huanza na mtu kusema kwa mzaha.

Nyumba ile naifahamu. Sitaitaja. Ukoo wake upo.

Kuna rafiki yangu, kijana anayetengeneza vipindi vya sauti, alishaniomba kanda zote azipandishe kwenye intaneti, bure, kila mtu asikilize. Nilipomweleza kuhusu 41 alinijibu haraka: kata hizo dakika saba. Ukikata, nikamuuliza, unamlinda nani? Yule mama anayetajwa, kwa hesabu yoyote, si kijana, labda ameshakufa. Nikikata nitakuwa namlinda Mjomba. Nitakuwa nalinda uwanja mzima uliocheka, ili mjukuu wao asikilize ngoma tamu ya mababu waliokuwa watu wema. Akasema basi weka yote, ni historia. Hapo nako nikakwama. Historia ni neno rahisi kwa mtu asiyetajwa jina ndani yake. Akasema ule ulikuwa utani tu, mashindano, kila mtu alijua. Hili la utani nililifikiria kwa siku kadhaa maana lina nguvu kuliko yale mawili. Utani ni kitu cha heshima kwetu, una haki zake, mtani anaweza kukuambia msibani usiyoambiwa na ndugu yako. Lakini mtani unajibizana naye. Manju aliyeambiwa kuhusu kunguru alikuwa na ngoma zake pale pale, mita mia moja, na watu wa kumsikiliza. Yule mjane hakuwa na ngoma.

Sheria? Niliisoma. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, inamtambua mwimbaji, ina hata sehemu inayohusu sanaa za jadi. Aliyeimbwa hayumo. Sijui kama kuna nchi yoyote ambayo sheria yake ya muziki inamfikiria.

Mwaka wa kwanza chuo tulisomeshwa *Phaedrus* ya Plato, mhadhara wa saa nane mchana, joto, nusu ya darasa limesinzia. Nilichobaki nacho ni kile kipande ambapo Socrates analalamikia maandishi: ukiyauliza kitu yanarudia neno lilelile, na yakitukanwa hayawezi kujitetea bila baba yao. Siku zile niliona ni mzee anayeogopa kitu kipya. Sasa nikawa naona kanda ni hivyohivyo, ila kinyume chake: ni tusi ndilo linalorudiwa lilelile, na aliyetukanwa ndiye asiye na wa kumtetea. Kwenye uwanja, usiku ule, palikuwa na kesho yake. Upande wa pili ungejibu. Nikajiambia, jibu litakuwa upande B! Mjomba asingekosa jibu. Nitaziweka pamoja, tusi na jibu, haziachani, na anayetaka kusikiliza moja atasikiliza zote mbili. Niliona nimelimaliza suala kimaadili kabisa.

Upande B ni kwaya. Kwaya ya kanisa, nzuri, imerekodiwa juu ya kilichokuwepo, kama watu wote walivyofanya wakati ule kanda mpya ilipokuwa ghali. Mwishoni kabisa, kwaya ilipoisha kabla ya utepe kuisha, zimebaki kama sekunde ishirini za ngoma ya zamani, na sauti ya manju mwingine, na sikupata hata neno moja.

Nikaenda. Siku hizi unavuka Kigongo na Busisi kwa daraja lililofunguliwa Juni 2025, hujamaliza hata kuongea na abiria mwenzako umeshafika ng'ambo. Nilipanda bodaboda kutoka Sengerema mjini. Nilikuwa nimeulizia kabla, nikaambiwa yule mama alikufa mwaka 2003, amebaki binti yake, ambaye sasa naye ni mama mtu mzima. Nilimkuta anaanika mihogo.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba baba. Karibu. Wewe wa nani?"

Nikamtaja Mjomba. Akaniletea kigoda. Nilizungukazunguka, nikasema kuhusu sanduku, kuhusu kanda, kuhusu kuhifadhi. Alinisikiliza bila kuacha kugeuza mihogo. Nilipofika kwenye jambo lenyewe nikaanza kulisema kwa upole wa mwandishi wa habari, akanikata.

"Nilikuwepo," akasema.

Alikuwa binti wa miaka kumi na minne. Alitoroka nyumbani kwenda kuangalia ngoma, tena duara la wale wale, kwa sababu ndio waliokuwa wazuri mwaka ule. Alisimama mbele. Jina la mama yake lilipotajwa wenzake wote waligeuka kumtazama.

"Ukaondoka?"

"Niende wapi? Nilicheka." Akaweka muhogo chini. "Ukisikiliza vizuri utanisikia na mimi."

Nilikaa kimya. Kisha nikamuuliza kile nilichokuwa nimekuja kukiuliza, kuhusu jibu la upande wa pili, kama analikumbuka. Analikumbuka vizuri. Walijibu kesho yake, na walijibu vikali, uwanja ukawahamia. Walijibu kuhusu ng'ombe waliokonda, na wale kunguru.

"Na kuhusu mayu wako?"

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza mwezi unauzwa shilingi ngapi. "Nani angejibu kuhusu mayu?"

Baadaye, akiwa ameingia ndani na kutoka, aliniuliza kama Mjomba alicheka. Nikasema ndiyo, tena yeye ndiye anayesikika kuliko wote. Akatikisa kichwa taratibu. Akasema mwaka uleule Mjomba alifika hapa kununua mbuzi, siku ya jua kali, akaomba maji, na mama yake ndiye aliyemletea, kwenye kibuyu, akayanywa yote akaomba tena. Watu walikuwa wameshaacha kunywa kitu katika nyumba ile. Hakusema zaidi, na mimi sikujua niweke wapi habari hiyo. Nimeigeuza sana tangu siku ile. Ina maana hakuamini. Kama hakuamini, alichekea nini? Na mtu asiyeamini akicheka, na anayeamini akicheka, kwenye kanda vinasikika tofauti?

Nilimuuliza anataka niifanye nini kanda. Niifute? Niikate? Nimwachie yeye?

"Ni ya nani?"

"Yetu. Ya Mjomba."

"Sasa mbona unaniuliza mimi?"

Nikamwambia kwa sababu jina lililomo ni la mama yake. Akasema jina hilo liko pia kwenye kaburi, na kwenye kadi ya kliniki ya mjukuu aliyerithi, na kanisani walilisoma siku ya kumzika. Kusikiliza alikataa. Laptopu nilikuwa nayo begani muda wote, sikuifungua. Alinifungia mihogo mikavu kwenye mfuko, kilo kama mbili, nikampelekee mke wangu.

Usiku ule, nyumbani, niliifungua 41 kwa mara ya mwisho nikatafuta sauti ya msichana. Zipo nyingi. Niliitafuta iliyochelewa, nikidhani mtu anayecheka kwa hofu atachelewa kidogo. Kuna moja, upande wa kushoto, nyembamba, inaanza wengine wakiwa wameshachoka na inaendelea peke yake kwa muda. Huenda si yeye.

Kwenye daftari, mkabala na namba 41, chini ya maneno ya Mjomba, nimeandika aliyoniambia, yote, pamoja na ya maji. Kanda imerudi sandukuni. Faili nimeliacha kwenye kompyuta, zima, halijakatwa. Rafiki yangu nimempelekea fleshi yenye kanda 117, kuanzia foleni ya Busisi, kama alivyotaka. Jana ameniandikia: kaka, namba 41 mbona haipo? Bado sijamjibu.